Vibao Vitatu Vyenye Pumzi

Hii aliyenisimulia wa kwanza ni Brigita, yule mliyekuwa mkimwona anapita na kilemba kichwani hata jua likiwa limeshazama. Alinisimulia shambani, tuko juu ya dungu tunafukuza ndege kwenye mpunga. Akifika mahali pagumu anapiga debe kwanza, ndege wanaruka, ndipo anaendelea. Mengine aliyaona kwa macho yake. Yale ya moyoni mwa mtu aliyasikia kwa Egidius mwenyewe, siku Egidius alipokwenda kumpigia magoti, na Brigita akamwacha hapo hapo chini, akaingia ndani kupika. Sogeeni basi. Punguzeni na utambi wa hiyo chemli, mafuta ni ya kesho pia.

Egidius alikuwa mwalimu wa kwaya kwenye kigango kimoja pale Mlabani. Mtu mrefu, mkavu, ana vidole kama miguu ya korongo. Alilima mpunga kama wote, lakini ukimuuliza kazi yake hasemi kulima. Anasema, "Mimi napiga kinanda." Na masikio aliyokuwa nayo! Mtu akikosea kidogo kule nyuma kwenye sauti ya tatu, Egidius hageuki, anataja jina tu: "Wendelin, shuka." Na ni Wendelin kweli. Watu waliyaogopa masikio yake kuliko macho ya paroko.

Kinanda chao kilikuwa cha kukanyaga, kile unapiga huku miguu inapuliza upepo kama mtu yuko kwenye baiskeli. Mwaka ule wa elinino, kabla mvua hazijaanza, panya wakakitoboa ngozi ya ndani. Ukikanyaga, kinakoroma. Brigita, aliyekuwa akiongoza sauti ya pili, akasema kitiwe ngozi mpya ya mbuzi, mambo yaishe. Lakini kulikuwa na Gaudensi, muuza vipuri vya baiskeli, mtu wa kwenda Dar na kurudi. Gaudensi akashusha kitu kwenye treni, kimeviringishwa blanketi, watu wanne wakakileta kwa mkokoteni kutoka stesheni.

Kinanda cha umeme. Kirefu, cheusi, kimetoka Ulaya kikiwa kimetumika.

"Hiki si kama vile vya kwenye maharusi," Gaudensi akasema. Kwaya nzima iko kwenye mabenchi. "Vile ni vyepesi kama kubonyeza kitumbua. Hiki kila kibao kina uzito wake ndani, kama kinanda kikubwa cha Wazungu kile cha nyuzi. Ukikigusa taratibu kinanong'ona, ukikipiga kinapaza sauti. Inaitwa sinthesaiza, mama zangu. Lazima kidole kikomae."

"Kikomae?" Brigita akadakia. "Kwani tunakwenda kupukuchua mahindi?"

Watu wakacheka. Wendelin, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akanyanyua mkono. "Mwalimu, sisi hapa hatuna masikio. Masikio yetu ni wewe. Ukisema kizuri, tunakichukua. Ukisema kibaya, Gaudensi anaviringisha blanketi lake. Neno lako tu."

Egidius akanawa mikono, akajifuta kwa leso, akakaa. Pembeni yake alisimama Konsolata, binti yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee wa Egidius na mkewe Eveline. Konsolata ndiye aliyekuwa na sauti ya kwanza ile ya juu kabisa, kule ambako wenzake wote wanaishiwa, yeye anaanza kupumzika.

Sasa nisikilizeni. Egidius hakuwahi kugusa kinanda chenye uzito maishani mwake. Hilo hakumwambia mtu.

Alianza na kidole kimoja. Akabonyeza polepole, asikie kibao kinashuka vipi. Kikashuka kwa kukataa, kama unavyosukuma mlango ambao kuna mtu ameegemea ndani. Akajaribu kidole kidogo. Akajaribu haraka haraka, kibao kimoja mara sita, aone kama kinarudi kwa wakati. Akasikiliza chini, akasikiliza juu. Sauti ikatoka ya mviringo, tamu, ina mwili, haikuwa ile ya kibati aliyoizoea kwenye redio. Ilimwingia mifupani. Brigita alisema alimwona koo linapanda na kushuka kama mtu anameza mate mbele ya nyama.

Kilichomshtua ni kule kurudi kwa vibao. Akiinua kidole, kibao kinapanda, kinasimama kidogo katikati, halafu ndiyo kinamaliza. Na kilikuwa na joto. Vibao vingine vilikuwa baridi kama sahani, hicho alichotoka kukigusa ndicho kina joto.

"Weka ile ya watu," Gaudensi akasema, akazungusha kitufe. "Humu ndani mna kwaya nzima."

Egidius akabonyeza. Aaaa. Watu wakaimba humo ndani, wanaume kwa wanawake. Wanakwaya wakashika midomo, wengine wakapiga vigelegele, benchi likapinduka kwa furaha. Katika kelele ile Egidius akapanda kibao kwa kibao, kutoka chini mpaka juu, sikio limeinama. Vyote vikaimba, isipokuwa vitatu. Kimoja chini, kwenye besi. Kimoja katikati. Kimoja juu kabisa, karibu na mwisho. Hivyo vitatu havikutoa sauti. Vilitoa pumzi. Haaa. Kama mtu aliyefungua mdomo aimbe, anasubiri mkono wa mwalimu. Na ikaja harufu, ile ya kinywa cha mtu asubuhi kabla hajapiga mswaki, ikapita puani mwake, ikaondoka.

Konsolata akaweka kidole chake kwenye kile cha juu. Akakitoa upesi.

"Baba," akanong'ona, "hiki kinanisukuma."

"Kina uzito. Ndivyo vinavyotengenezwa."

"Lakini mbona hakiim—"

"Konso. Mimi ndiye napima au wewe?"

Yule mtoto akarudi nyuma hatua moja. Kwake yeye baba akishasema, imetosha.

Wendelin akauliza, "Haya Mwalimu, kikoje?"

Egidius alijua. Masikio yale yaliyokuwa yakitaja watu majina bila kugeuka, yangekosa kujua? Lakini aliona Gaudensi anatabasamu na jino lake moja, akajua akisema "Sielewi," Gaudensi atasema, kumbe Mwalimu hajawahi kugusa kinanda cha kweli. Na ile sauti tamu ilikuwa bado inamtambaa mikononi. Akasimama, akafunga shati kifungo cha juu.

"Kizuri," akasema. "Hakina kasoro hata moja."

Basi kikachukuliwa.

Mvua zikaanza, mnazijua zile mvua, mto Lumemo uliwaingia watu chumbani. Kanisani lakini ilikuwa raha tupu. Watu walitoka vigango vingine, wanavua viatu, wanavuka madimbwi, kuja kusikia kinanda cha Mlabani.

Kulikuwa na Masanja, Msukuma, alihamia bondeni na ng'ombe wake, akabatizwa, akaingia kwaya. Besi! Akiimba, unaisikia kwenye mbao za benchi. Alikuwa akisema, "Sauti hii nimeazimwa na fahali wangu, siku akiidai mtaniona nalia." Mwezi wa kumi na mbili akaja mazoezini sauti imekauka.

"Umemeza nini, Masanja?" wakamtania.

"Vumbi la ng'ombe," akasema, kwa sauti ya mchanga.

"Vumbi na mvua hizi?"

Akacheka bila kutoa sauti. Wiki ya pili alikuwa haongei kabisa, anaonyesha kwa mikono. Homa hana, kidonda hana, hospitali wakamwangalia koo wakasema ni safi. Siku ya kumi na mbili aliamka akakaa kitandani, akafungua mdomo, pumzi ikatoka, haikurudi.

Walipomzika, Jumatano wakarudi mazoezini. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Egidius alikaa kwenye kinanda kwa mazoea tu, akaweka mkono kwenye vile vibao vya chini huku anawapangia watu mistari, na kile kimoja cha besi, kile cha pumzi, kikashuka chenyewe chini ya kidole chake kama ardhi mbovu, kikaimba.

Febronia, muuza samaki wa kukaanga sokoni, ndiye aliyekuwa karibu. Akaja taratibu mpaka ubavuni.

"Mwalimu. Huyo si Masanja?"

"Kinanda kina sauti za watu, Febronia."

"Sijasema watu. Nimesema Masanja. Anavuta pumzi puani kwanza, ndipo anatoa. Vile vile. Na umeme hakuna, Mwalimu."

"Kaa mahali pako uimbe."

"Mimi ninaogopa."

"Kaa mahali pako."

Febronia akaenda kukaa. Mwezi wa pili ndiye aliyefuata. Ilianza sokoni, akiita wateja, "Perege! Kambale wa moto!" na neno la moto likakatikia njiani. Siku kumi na mbili. Alizikwa kwenye maji, watu wanachota kwa ndoo huku wengine wanashusha jeneza. Na Egidius hakungoja Jumatano. Alikwenda kanisani peke yake, saa nane ya mchana, jua limetoka kidogo katikati ya mvua, mabati yanalia kwa joto, hakuna mtu, waya wa umeme ameuchomoa kwa mkono wake mwenyewe na kuuzungusha kwenye mguu wa benchi. Akabonyeza kile cha katikati. Febronia akaimba. Akaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba akiwa hai.

Kikabaki kile cha juu.

Akakiangalia muda mrefu, halafu akapeleka kidole, akisema moyoni ninakipima tu, kama nilivyokipima siku ile, na kibao kikashuka kidogo kikagoma, na kutoka chini yake, humo ndani ambamo hamna nafasi ya kupita hata mjusi, akasikia ncha ya kidole kingine inagusa ncha ya kidole chake, inabonyeza juu anavyobonyeza chini, bila haraka, uzito kwa uzito, kama mtu anayepima samaki kwenye mizani anaongeza jiwe dogo dogo mpaka zilingane, na harufu ile ya kinywa ikajaa mpaka kwenye ulimi wake, na pumzi ikatoka, haaa, nyembamba, ya kitoto, na masikio yake, yale masikio, yakajua bila kuulizwa ni sauti ya nani tu pale kigangoni inayofika huko juu.

Alikimbia na kiatu kimoja.

Nyumbani akamwambia Konsolata asiimbe tena.

"Nimefanya nini, Baba?"

"Pumzika tu."

"Kwaresima hii? Na Pasaka nani ataimba mbiu?"

"Nimesema pumzika!"

Eveline, mkewe, aliacha kupepeta mchele. "Baba Konso, mtoto anakatazwa kuimba kwa kosa gani?" Egidius akatoka nje. Na mtoto gani utamkataza kuimba akiosha vyombo? Aliimba kidogo kidogo, kwa kujisahau. Jumatatu ya wiki ile kabla ya Jumapili ya Matawi akamwamkia baba yake asubuhi, "Shikamoo Baba," na shikamoo ile ikatoka na mchanga.

Hapo angeweza kusema. Brigita alipofika hapa ndipo alipopiga debe sana.

Wendelin aliita kikao cha kwaya. Nje mvua, ndani watu wamekaa mbali mbali, hakuna anayetaka kugusana na mwenzake.

"Wawili wamekwenda, wa tatu ameanza," Wendelin akasema. "Hii si homa. Hii ni ya mtu. Nani hapa hakukitaka kinanda?"

Macho yote yakaenda kwa Brigita.

"Mimi?" Brigita akasimama. "Mimi niliyewabeba nusu yenu mgongoni, mama zenu wakipanda mpunga? Wewe Wendelin nimekutoa kamasi kwa mkono huu!"

"Ulisema kitiwe ngozi ya mbuzi."

"Ngozi ya mbuzi ni uchawi?"

"Mama, usikasirike. Kama huna, utanyolewa na yataisha."

Mnaijua mila yetu ya kunyolewa. Mtu akishukiwa uchawi, huku kwetu hachomwi wala hapigwi. Anavushwa mto, anapelekwa kwa mganga, ananyolewa kichwa chote na kunyweshwa dawa, na nguvu zote zinakwisha. Lakini hanyolewi peke yake. Anayemshitaki naye ananyolewa, kisu kimoja, siku moja, ili asiwepo wa kusema uongo bure. Kwa hiyo lazima awepo wa kusema mimi ndiye ninamshitaki.

"Mwalimu," Wendelin akasema, "mtoto ni wako. Masikio yetu ni wewe. Ni Brigita?"

Egidius akamwangalia yule mama. Alikuwa amempigia kinanda kwenye harusi yake. Sentensi ilikuwa mdomoni, amekwisha kuitafuna: nilisikia pumzi siku ile nikanyamaza. Akaona nyuso zote zile zilizokuwa zinamwogopa kwa heshima. Akaona zinavyobadilika.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Brigita hakulia. Alisema, "Haya, twende tukanyolewe, Mwalimu," akafunga kanga yake kiunoni.

Ule mto mkubwa ulikuwa umefura, pantoni haivuki, walikaa Kivukoni siku tatu wakisubiri, wanakula mhogo, Brigita upande huu wa mti na Egidius upande ule, na kila asubuhi Egidius anahesabu kwa vidole: siku ya tano, siku ya sita, siku ya saba. Walipovuka, Lupiro wakapita kwa miguu, maji magotini. Mganga alikuwa mzee mfupi, mtaratibu, mwenye kikohozi. Alimnyoa Brigita kwanza. Akamaliza, akamwambia, "Nenda kakae nje mama, wewe ulikuwa mwepesi kabla hujaja."

Akaanza kumnyoa Egidius. Nusu ya kichwa akasimamisha kisu.

"Hii harufu ya kinywa umeitoa wapi?"

Ndipo Egidius akasema yote, kwa mganga, mtu asiyemjua, huku nywele zinamdondokea mapajani.

Mganga akasikiliza mpaka mwisho. "Ni jini," akasema. "Jini halina sauti, linaishi kwa kuokota. Lakini haliingii kwenye nyumba ya watu bila kukaribishwa. Walikuuliza mbele ya watu, ukasema kizuri. Ulilifungulia mlango kwa mdomo wako. Mimi sina dawa. Dawa ni mdomo huo huo, mbele ya watu wale wale: nilisikia, nilijua, nikasema kizuri. Ukishasema, litatoka, halitakuwa na mwenyeji."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Wengi hushindwa."

Walirudi Alhamisi Kuu, siku ya kumi na moja. Konsolata alikuwa kitandani, macho makubwa, anamshika mama yake kidole badala ya kumwita. Egidius hakuketi hata kunywa maji. Alikwenda kanisani, kwaya ilikuwa imekusanyika kabla ya misa ya jioni, Wendelin yupo, Gaudensi yupo, na Brigita alikuwa amesimama mlangoni na kichwa chake kipya kinang'aa, hakuna aliyempa nafasi kwenye benchi.

"Ndugu zangu," Egidius akasema. "Nina neno."

Wakageuka. Naye kichwa chake kimenyolewa, wakamwonea huruma, na ile huruma ilikuwa tamu.

"Kile kinanda… kimeharibika. Naona ni unyevu wa mvua hizi. Tusikipige tena."

"Kimeharibika lini, Mwalimu?" Ni Brigita, kutoka mlangoni.

"Mvua hizi."

"Siku uliyokipima kilikuwaje?"

Akafungua mdomo. Brigita aliniambia, aliona maneno yamefika kwenye meno. Watu wote wanamtazama, na Gaudensi kule anasikiliza kwa makini, na mtoto yuko kitandani hatua mia mbili kutoka hapo.

"Siku ile," Egidius akasema, "kilikuwa kizuri."

Mnajua wenyewe, Alhamisi Kuu ukishaimbwa Utukufu kengele zinanyamaza, vinanda vinafunikwa mpaka Pasaka. Egidius akakifunika kile kinanda na shuka jeupe, akachomoa waya, akaupeleka sakristia, akafunga na mlango. Aliwaambia watu kimeharibika. Moyoni alijiambia si nimesema, karibu sawa na kusema.

Ijumaa Kuu, saa tisa mchana. Kanisa limejaa mpaka nje. Padre anaingia bila wimbo, anajilaza kifudifudi mbele ya altare, watu wote wanapiga magoti, na ndipo kunakuwa na ule ukimya ambao hata watoto wachanga wanauheshimu, unasikia tu maji yanadondoka kutoka kwenye bati, tone, tone, na Egidius amepiga magoti kwenye mstari wa mbele akiwa ameziba masikio kwa viganja kama mtu anayesali kwa nguvu, na katikati ya ukimya ule, kutoka chini ya lile shuka jeupe, ikaja harufu kwanza, watu wa mbele wakainua pua, halafu pumzi, haaa, kama mtu anasubiri mkono, halafu ikapanda sauti, moja, nyembamba, safi, juu kabisa kule ambako wengine wote wanaishiwa, ikakaa pale, haiyumbi, haichoki, haitafuti hewa, mpaka padre akainua uso sakafuni na wanawake wakaanza kulia bila kujua wanamlilia nani.

Egidius akaenda, akavuta shuka. Kibao cha tatu kilikuwa kimeshuka chenyewe. Hakuna kidole juu yake.

Mtoto wa jirani alipofika mlangoni anahema kuja kumwita, Egidius alimwinulia mkono tu. Alikuwa ameshaambiwa.

Mazishi yalipangwa Jumamosi saa nne. Alfajiri Eveline alimkosa mumewe msibani. Akachukua shoka la kupasulia kuni, akaenda kanisani, na waliolala msibani wakamfuata: Wendelin, Brigita, hata Gaudensi na blanketi lake la matanga mabegani. Wakamkuta Egidius amekaa kwenye kinanda, kidole kimoja juu ya kibao kimoja. Sauti ya Konsolata imejaa kanisa zima. Uso wa Egidius umelowa, anatabasamu.

"Njoo umsikie, Mama Konso," akasema. "Yupo."

"Anasema nini?"

"Anaimba."

"Nimekuuliza anasema nini."

Egidius akasikiliza. "A," akasema. "Anasema a."

"Mwanangu alikuwa na maneno," Eveline akasema. "Alikuwa anasema mama. Alikuwa anasema uji umeungua." Akanyanyua shoka.

Egidius akajilaza juu ya kinanda, mikono ameitandaza, vibao vikalia vyote kwa pamoja, Masanja, Febronia, na wengine wasiojulikana wa huko kilikotoka. "Usimwue mara ya pili!"

"Mara ya kwanza aliyemwua ni nani?"

Shoka liko juu. Watu wako mlangoni. Egidius akamwangalia mkewe, akamwangalia Wendelin, akamwangalia Brigita na kipara chake. Na yakatoka, bila kupangwa, kama mate.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile ya kupima. Nilisikia pumzi, nilijua, nikasema kizuri. Brigita hana kosa. Nilijua."

Kinanda kikakatika. Sauti zote, pale pale, kama mtu amezima redio. Upepo wenye harufu ukapita katikati yao kwenda mlangoni, Gaudensi akaangusha blanketi, na nje kuku wakakimbia kuupisha. Egidius akabonyeza kile kibao cha juu. Akakibonyeza tena. Kilikuwa chepesi, kimelegea, kinashuka na kupanda kama jino bovu. Hakuna sauti. Hakuna hata pumzi. Akabonyeza kwa vidole viwili, akapiga kwa ngumi, akimwita kwa jina.

Eveline akashusha shoka taratibu, akaliegemeza kwenye benchi. Alikaa kitako sakafuni. Akasema kwa sauti ndogo, kama mwanamke anayeuliza bei:

"Kumbe ndiyo hayo tu?"

Saa nne wakamzika Konsolata.

Haya. Moto wa chemli umekwisha huo. Wewe mdogo njoo upande wangu wa ukutani, na wengine jifunikeni mpaka miguu, mbu wa leo hawana adabu. Mwenye kuogopa amshike mwenzake. Laleni sasa.